Shairi la Kumuaga Mwana: Radhi Kabla ya Machozi

Sanduku likishafunguliwa juu ya kitanda, mzazi huanza kutunga hata kabla ya kushika kalamu, na mara nyingi shairi huharibika papo hapo. Neno la kwanza linalomjia ni lake yeye: moyo wangu, machozi yangu, nyumba yangu itakavyokuwa. Mwana, ambaye ndiye mwenye safari, hana mahali ndani ya ubeti. Sisi tunaotunga na kusaidia wengine kutunga huku Lamu tumejifunza kuanza na swali moja: shairi hili linampa nini cha kubeba? Jibu la watu wa pwani ni la zamani, nalo ni radhi. Mwana haondoki vizuri mpaka amepewa radhi, na shairi la kumuaga ni radhi iliyotiwa vina na mizani ili isisahaulike njiani. Majonzi yamo, wala hayafichiki, ila huja nyuma ya radhi.

Mifano ya mashairi ya namna hii ni michache kuliko watu wanavyodhani, na sababu imo katika majengo yetu. Kwa desturi ya nyumba nyingi za mawe za Lamu, binti hakuondoka kwao. Mume ndiye aliyehamia. Baba aliongeza ghorofa juu ya nyumba, au alijenga pembeni na kuunganisha kwa wikio linalopita juu ya kichochoro, na mama akaendelea kusikia nyayo za mwanawe juu ya dari. Walioondoka walikuwa wanaume wa baharini, nao walirudi na msimu. Kuondoka kwa mwana kwenda chuo Nairobi miaka minne, au kazini Ghuba kwa mkataba, ni jambo jipya, na lugha ya kuliimba bado tunaitengeneza.

Wengi hukimbilia Utendi wa Mwana Kupona kama kigezo. Ni kazi kubwa, beti zaidi ya 100, iliyotungwa mwaka 1858 na mama wa Kisiwa cha Pate kwa ajili ya binti yake. Lakini tazama hali yenyewe: Mwana Kupona alikuwa mgonjwa. Pale anayeondoka ni mama, na anayebaki ni mwana. Ndiyo maana wasia ule ni mrefu na mzito, kwa kuwa hakutarajia kupata nafasi nyingine ya kusema. Mzazi mzima wa afya akimwandikia mwanawe wa miaka 19 wasia wa beti mia, mtoto husikia kama anaagwa na mtu anayekufa. Jifunze pale umbo na upole wa sauti. Urefu wa wasia mwachie mwenyewe.

Kwa shairi la kuagana, beti 7 hadi 12 zinatosha ukitunga tarbia, yaani beti za mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) 16. Ukitumia utenzi, beti 20 ni nyingi tayari.

Kabla ya kuandika, chagua neno la hali yako, maana Kiswahili hakina jina moja la jambo hili, na maneno tuliyo nayo hayabadilishani. Neno "ukiwa" ni la nyumba: mahali palipozoea watu pakanyamaza. Hamu ni ya mtu aliye hai, unayetaraji kumwona. Majonzi ni ya moyo na hayana haja ya sababu kubwa. Kihoro ni kizito mno, hufaa msibani. Hapa ndipo kosa baya kuliko yote hutokea. Mzazi asiyezoea kutunga huokota maneno anayoyasikia katika tanzia, kama pengo lisilozibika, nuru iliyozimika au safari ya milele, akampa mtoto anayekwenda kusoma uhasibu. Mtoto husoma habari ya kifo chake. Hata neno buriani limeanza kuvutwa upande huo na watangazaji, ilhali maana yake kwetu ni kutakana msamaha kabla ya kutengana. Litumie kwa maana hiyo, na lisikike hivyo.

Kisha shika daftari upite nyumbani kabla sanduku halijafungwa. Anzia dakani, kwenye baraza la mlangoni, pita tekani, ukumbi wa kuingilia, ingia kiwandani, yaani uani, kisha misanani, kwenye vyumba vya kukaa, mpaka ndani, halafu panda juu jikoni. Andika vitu 20 vilivyoguswa na mwana huyo, na mbele ya kila kitu andika sauti yake, harufu yake, au alama aliyoiacha. Usiandike hisia yoyote. Katika 20, vitu 5 au 6 ndivyo vitakavyoingia. Utavijua kwa sababu ukivitaja mbele ya ndugu zake, watacheka au watanyamaza. Kitu ambacho kila nyumba inacho, kama picha ukutani au kitanda kitupu, mara nyingi hakina nguvu. Kitu chenye kasoro kina nguvu zaidi: kikombe chenye ufa alichokataa kitupwe, msumari aliopigilia upande, kidaka cha ukutani alichokifanya kabati ya chaja.

Tazama vitu viwili tu vinavyoweza kufanya katika utenzi, wenye vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kikiwa na kina cha bahari kinachorudi mpaka mwisho:

Makubadhi umeweka
chini ya kile kidaka
kuyagusa naepuka
yasipoteze alama.

Kata iko mtungini
hainuliwi jioni
na mimi niko dakani
naisikiza kuzama.

Hakuna neno huzuni hapo wala chozi. Makubadhi yana alama ya unyayo, na mzazi hayasogezi. Kata haichoti maji, lakini sikio linangoja mlio wake. Msomaji atajaza mwenyewe kilichobaki, na atakachojaza kitakuwa kizito kuliko chochote ambacho mtunzi angeandika.

Sasa linganisha na ubeti huu, ambao kwa namna moja au nyingine huletwa kila mwezi wa kufunguliwa vyuo:

Ewe mwanangu jamani
unaondoka nyumbani
moyo wangu ni huzuni
machozi yanichuruzika.

Kipande cha mwisho kina mizani 9: ma-cho-zi ya-ni-chu-ru-zi-ka. Hilo hurekebishwa kwa kuondoa "ni", ikawa "machozi yachuruzika". Ugonjwa wenyewe hautibiwi kwa kuhesabu. "Ewe" na "jamani" ni vijazi, vimeingia ili mizani itimie. "Unaondoka nyumbani" ni habari ambayo mwana anaijua kuliko sisi. Ukitoa vijazi na habari inayojulikana, umebaki na moyo na machozi, na hivyo kila mtu anavyo. Kipimo chetu ni hiki: kama ubeti unaweza kusomewa mtoto wa jirani bila kubadilisha neno, hujauandika bado.

Kuhesabu kwenyewe kuna mitego michache. "Mwana" ni mizani 2, lakini "mtoto" ni 3, kwa kuwa m imesimama peke yake. "Mtungini" ni 4. Maneno yenye konsonanti isiyo na irabu, kama daftari, wengi wetu huyahesabu da-f-ta-ri, mizani 4, kwa kuwa ukiyaimba sauti ile inachukua nafasi yake. Hesabu kwa kuimba, usihesabu kwa jicho. Na kina ni silabi nzima: "-ka" haipatani na "-ta" ati kwa kuwa zote zinaishia kwa a, wala "-nga" haipatani na "-ga". Mizani ikizidi, inkisari, yaani kufupisha neno, inaruhusiwa, kama "utapokwama" badala ya "utakapokwama", lakini ikizidi mara mbili katika ubeti, sikio huanza kusikia ufundi badala ya maneno.

Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, ni utajiri hapa, na vijana wetu wana hamu nacho wakiwa mbali kuliko wanavyokiri wakiwa nyumbani. Macho yakiwa mato, yanapata mtoto, moto na kito kuwa vina vyake. Nchi ikiwa nti, inapata binti. Njia ni ndia, njoo ni ndoo, kuja ni kuya. Kinachoharibu ni kuchanganya: mato katika mshororo wa kwanza kwa sababu ya kina, macho katika wa tatu kwa sababu umesahau. Amua mapema. Kama nyumbani mnasema Kiamu, mwandikie Kiamu chote, hata kama ulifundishwa shuleni kwamba Kiswahili cha karatasini ni kingine. Neno "ndoo" likitoka kwa mama, hakuna mwana wa Lamu atakayefikiria ndoo ya maji. Ukiandika kwenye simu inayosahihisha tahajia, zima usahihishaji huo kwanza, kwa maana hugeuza maneno yetu bila kuuliza, na kina kikivunjika hutajua kimevunjikia wapi.

Kuna jambo tunalolikataa kabisa hata kama ubeti umekamilika kwa vina: masimbulizi, yaani kumkumbusha mtu wema uliomtendea. "Ada nililipa mimi" ni mizani 8 sahihi, na ni sumu. Mzazi aliyeuza kiwanja, aliyekopa, aliyelala njaa, anayo haki ya kuchoka, na mwana anajua. Lakini likiingia katika shairi la kuagana, radhi inageuka deni, na mwana anabeba deni badala ya dua. Matokeo yake huonekana baadaye: simu hazipigwi, kwa sababu anayedaiwa humkwepa mdai. Vivyo hivyo kijembe. Sisi watu wa mafumbo tunaweza kumchoma mkwe, au shangazi aliyemtafutia mwana kazi ya mbali, kwa neno moja lisilo na jina. Fumbo hilo litafumbuliwa na kila mtu barazani, na shairi la mwana litakuwa la ugomvi wa watu wazima. Litoe. Kama ni lazima liandikwe, liandike kwenye karatasi nyingine.

Badala yake weka ubeti ambao wazazi wengi huuogopa: ule wa mzazi kuomba msamaha. Buriani ni ya pande mbili. Mwana huomba radhi, nasi tuna makosa ya kuombea. Ubeti mmoja, si zaidi, na usitaje kosa lenyewe kwa kirefu, maana analikumbuka:

Nami nilipokukosa
kwa neno lilokutesa
nisamehe hivi sasa
twagane nyoyo salama.

Uweke baada ya ubeti wa vitu, kabla ya ubeti wa dua. Ukiuweka mwanzo, unamshtua. Ukiuweka mwisho, anaondoka na uchungu wako mdomoni. Katikati, moyo wake umeshalainishwa na makubadhi na kata, na bado kuna dua mbele ya kumwinua:

Mwana nenda na bahari
nimekutilia kheri
radhi zitakusitiri
popote utapokwama.

Dua nazo zina kipimo. Desturi ya tungo zetu ni kufungua kwa jina la Mungu na kumsalia Mtume, na kufunga kwa dua, na wazee wetu wengi walitaja jina la mtunzi na tarehe katika beti za mwisho. Fuata hivyo: ubeti mmoja mbele, mmoja au miwili nyuma. Dua ikijaa kila ubeti, inakuwa kama chumvi iliyomwagika.

Bahari inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu inakuja kwa urahisi mno. "Jahazi la maisha" limechakaa, lipumzishe. Ukitaka pepo, zijue. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikileta vyombo kutoka Arabuni kuja kwetu. Kusi hushika kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na ndiyo iliyovirudisha. Kwa hiyo ubeti unaomwambia mwana "kaskazi ikupeleke Muskati" unamrudisha nyuma, na mzee yeyote aliyekaa gatini atakucheka. Lakini kaskazi ikupeleke Mombasa ni sawa, kwani Mombasa iko kusini. Anayeondoka Agosti anaondoka na kusi usoni akielekea kusini, na hapo kuna ubeti mzuri unaosubiri: upepo unaomsukuma arudi, naye anaupasua. Ukitaja maji, tazama mwezi. Safari ikiangukia mwezi mpevu au mwandamo, ni bamvua, maji yanajaa mpaka juu na kupwa mpaka mbali. Ikiangukia nusu mwezi, ni maji mafu. Mwana aliyelelewa pwani atahisi ukweli huo hata asipoutaja.

Na kwa kweli siku hizi bahari yenyewe ni fupi. Boti inavuka hadi Mokowe, upande wa bara, kisha ni basi. Tunawashauri watunzi waiandike njia ilivyo, kwa majina yake, kwa sababu mwana atayasikia maneno hayo tena dirishani wakati basi linapopita. Majina ya mahali yana nguvu ya dua ndani yake:

Mokowe na Hindi, Witu
upite kama ni kwetu
na nyuma ni dua zetu
Malindi kituo chema.

Tumeiacha Garsen nje, ingawa ipo njiani baada ya Witu. Konsonanti zake mbili zisizo na irabu hukwamisha mahadhi, na kuibatiza "Gariseni" ili ipite ni kuharibu jina la watu. Mfuatano wa mahali usivunjwe kwa ajili ya kina. Ukiiweka Witu kabla ya Hindi, umempoteza mwanao kabla hajafika barabara kuu.

Baadhi ya wazazi hupenda tarbia kuliko utenzi, kwa sababu ina kituo, ule mshororo wa nne unaorudi kila ubeti na ambao waliokaa barazani wanaweza kuupokea. Ni kweli kwamba kituo ndicho mwana atakachokumbuka. Beti zitapotea, kituo kitabaki miaka. Kwa hiyo kitungwe kwanza, kabla ya ubeti wa kwanza, na kipewe siku kadhaa mdomoni. Hiki hapa ni kituo kilicho sahihi kwa mizani na kibaya kwa kazi yake:

Rudi mwanangu nyumbani, bila wewe nitakufa.

Ni kamba. Kila ubeti unamvuta, na kila akiukumbuka chumbani kwake Nairobi atajiona muuaji. Kituo cha kuagana kinatakiwa kimwachie mlango bila kumshika mkono:

Mkono ulinipunga, mashua ikigeuka,
Vikombe bado napanga, na chako kinamwagika,
Kikuba nilichotunga, asumini zanyauka,
Mlango sikuufunga, na taa bado yawaka.

Vina vya kati ni -nga, vya mwisho -ka, na kituo hakimwambii afanye lolote. Kinamweleza tu nyumba ilivyo. Lakini kiwe kweli. Kama kwenu mlango hufungwa komeo baada ya isha, na mwana anajua kwa sababu ndiye aliyetumwa kuufunga miaka yote, atasikia uongo katika mshororo unaorudi mara kumi. Tafuta kilicho kweli kwenu: komeo, taa ya ngazini, kitasa kinacholia, mkeka usiokunjwa. Kisha jaribu kituo hicho chini ya beti tatu tofauti, moja ya vitu, moja ya msamaha, moja ya dua. Kikikataa kukaa chini ya mojawapo, si kituo bado, ni mshororo mzuri tu.

Uchaguzi wa vina hufungamana na hili. Ukichagua kina kigumu, kwa mfano -dhi, kwa sababu ya neno radhi, utapata kadhi, aridhi na makubadhi, kisha utaanza kusema usiyokusudia ili upate kina. Radhi liweke katikati ya kipande, ambapo halidaiwi kina. Chagua kina chenye maneno mengi ya nyumbani kwenu, sio maneno mengi ya kamusi. Andika maneno 15 ya kina hicho pembeni mwa ukurasa kabla ya kuanza. Yakipungua 10, badilisha mapema, maana kubadilisha kina baada ya ubeti wa tano ni kubomoa nyumba ili kuhamisha mlango.

Anza wiki tatu kabla ya safari. Wiki ya kwanza ni ya daftari na kituo. Ya pili ni ya beti. Kisha likunje, lisiguswe siku tatu, ulisome kwa sauti siku ya nne. Mahali unapojikwaa mara mbili ndipo penye kosa la mizani, hata kama vidole vinasema zimetimia.

Kulisoma mbele ya mwana ni kazi nyingine. Isiwe gatini. Hapo pana injini, upepo, wapagazi, na mwana ana haya mbele ya wenzake, tena mabasi ya Mokowe huondoka asubuhi na akili yake iko kwenye mizigo. Usiku wa kuamkia safari, baada ya isha, watu wa nyumbani tu, kahawa ya tangawizi na halua mkononi. Ubeti wa tarbia ukiimbwa kwa mahadhi ya polepole huchukua karibu nusu dakika, kwa hiyo beti kumi ni dakika tano, na dakika tano zinatosha kwa kifua cha mzazi. Shika sauti ya chini kuliko uliyozoea. Anayeanza juu hukatika ubeti wa tatu, na akikatika, shughuli yote inageuka kumbembeleza yeye. Kama unajua hutaweza, mpe shangazi au mjomba mwenye sauti akuimbie, wewe upokee kituo. Hakuna upungufu hapo. Tungo nyingi za kwetu zimeimbwa na asiyezitunga.

Baada ya hapo mpe karatasi. Sauti ya kurekodi kwenye simu ni nzuri na itasikilizwa, lakini simu huibiwa, hufutwa, hubadilishwa. Andika kwa mkono, kurasa mbili zisizidi, zikunjwe ndani ya leso au kikoi katikati ya nguo, sio juu. Juu atakutana nayo usiku wa kwanza, ambao ni mgumu tayari. Katikati atakutana nayo wiki ya pili, wageni wa mwanzo wakishaondoka na ukiwa ukianza kweli.

Akijibu, na wengi hujibu, huenda akajibu kwa vina vyako mwenyewe, kama desturi ya kujibizana inavyotaka:

Shairi ulilotunga, mkobani nimeweka,
Usiku likinikonga, sauti yako yatoka,
Mama moyo nimeufunga, kazi yangu nimeshika,
Taa yako ina mwanga, hata huku yamulika.

Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, wa mshororo wa tatu una mizani 9. Ma-ma mo-yo ni-me-u-fu-nga. Mwachie. Usimtumie ujumbe wa kumsahihisha, hata kwa upole, hata kama ulikuwa mwalimu wake wa ushairi, kwa sababu jibu la pili halitakuja. Lichukue lile lile neno alilolikosea, lirudishe katika ubeti wako unaofuata likiwa na hesabu kamili, naye atalisikia:

Moyo ulioufunga, ufungue ukifika.